SOMO: Umri wa mbwa kwa miaka ya binadamu (acheni kuzidisha mara 7)

Wakuu, wiki hii tu nimeulizwa mara nne, na kila anayeuliza keshazidisha mara 7. Jike la mwaka mmoja linaweza kubeba mimba na kuzaa. Mtoto wa miaka 7 bado anafungwa kamba za viatu.

1. Jua umri wake. Kadi ya chanjo ina tarehe ya kuzaliwa? Ruka hadi namba 3.

2. Huna kadi, angalia meno. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kuna mlinzi alihama Goba akaniachia mbwa. Meno ya mbele yamelika, chonge butu, nikamtangaza mzee wa miaka 9. Namtembeza hadi kona ya kwanza, tunarudi, eti asichoke. Daktari wa mifugo akamfunua mdomo, akacheka: hafiki hata miaka 4. Kumbe ni kutafuna mnyororo! Kwa hiyo msihukumu kwa meno yaliyolika. Mtafuna mawe na mtafuna nondo za banda watawadanganya vilevile. Tazama ukoga kwenye magego, tazama na macho: ukungu wa kibluu huanza kuonekana kwenye miaka 6 au 7. Hata hivyo hayo ni makadirio. Mtoto wa mbwa ndiye rahisi: chonge za ukubwani zikishatoka zote, ana kama miezi 6. NA USITIE VIDOLE MDOMONI MWA MBWA ASIYEKUZOEA.

3. Mwaka wa kwanza: 15.

4. Wa pili: ongeza 9. Jumla 24.

5. Kuanzia wa tatu, kila mwaka ongeza 4 hadi 5. Akiwa mkubwa wa mwili, zaidi ya kilo 23, ongeza 5 hadi 6. Koko wa miaka 7 atakuwa kati ya 44 na 49. German Shepherd wa umri huohuo kati ya 49 na 54.

MASWALI

— Mkuu, wangu ana miaka 4, ni sawa na mingapi?
Namba 3, 4, 5.

— Nimesoma zote, nimechanganyikiwa. Si unipe jibu tu?
Mbwa wako ana kilo ngapi? Hujasema. Basi hujasoma.

— Mbona tembo anaishi kuliko panya, lakini kwa mbwa mkubwa ndiye anayewahi kufa?
Hili sasa ndilo swali. Sababu moja inayotajwa ni kasi ya kukua: ndani ya mwaka na nusu hivi, kitoto cha nusu kilo kinafika kilo 40. Mwili unalipa baadaye. Ndiyo maana huyo mkubwa mpeleke akapimwe viungo na moyo mapema, akiwa na miaka 6, usingoje achechemee.

— Kuna sehemu nimeona mwaka 1 ni sawa na 31. Nani mkweli?
Hiyo ni kanuni ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ya mwaka 2020. Walilinganisha alama za kuzeeka kwenye DNA, na mbwa wao walikuwa Labrador. Ni kazi nzuri, ila inapima kitu kingine, na koko wa Tandika hakuwemo.

— Wangu hana kadi kabisa, nianzie wapi?
Kachanje kichaa cha mbwa, utapewa kadi. Mwambie daktari aandike umri wa kukadiria na tarehe ya siku hiyo. Usipoandika tarehe, mwaka kesho utarudi hapahapa kuuliza.

— Na paka?
15, halafu 24, halafu 4 kila mwaka. Huyo humpimi kilo.