[SOMO] Seva ya filamu na muziki nyumbani kwa laptopu ya zamani, bila kula bando

Habari zenu wakuu. Swali la "nawekaje filamu na nyimbo zangu sehemu moja ili nyumba nzima ione" nimelijibu pembeni mpaka nimechoka kurudia. Leo naliweka lote hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia uzi huu.

Tuelewane mapema. Seva hii ni ya mali yako: CD na DVD ulizonunua, kaseti za wazee, video za harusi na za watoto. Swali la wapi pa kupakua filamu sitalijibu.

Na haili bando. Laptopu, ruta na TV vinaongea vyenyewe humo ndani. Hata ruta ikiwa haina laini wala kifurushi, filamu inacheza. Intaneti utaihitaji siku ya kusakinisha programu na wakati wa kuvuta picha za makava, basi.

VIFAA

Laptopu iliyotumika inatosha, hata kama kioo kimepasuka. Naipendelea kuliko kompyuta ya mezani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni betri: umeme ukikatika haizimi ghafla, na kuzima ghafla ndiko kunakoharibu mafaili. Ya pili ni LUKU. Laptopu iliyotulia inakula kama wati 15, yaani takriban uniti 11 kwa mwezi ikiwaka usiku na mchana. Kompyuta ya mezani ya zamani inayokula wati 60 itafika uniti 43. Kama upo kwenye kundi la matumizi madogo lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hapo umeshaliwa zaidi ya nusu kabla hujawasha friji.

Tafuta yenye prosesa ya Intel kizazi cha 7 au zaidi. Kuanzia hapo chipu yenyewe ina uwezo wa kufungua video za H.265 (mbano mpya wa video) za biti 10, na prosesa haihangaiki. RAM GB 4 inaanzia, 8 ni raha. Ongeza diski ya nje ya mafaili na diski nyingine ya nakala. Diski ni mbili. Ukiwa na hela ya moja tu, anza, lakini ujue kazi haijaisha.

HATUA YA 1. Sakinisha Debian, mfumo endeshi wa bure wa Linux. Pale inapouliza mazingira ya kazi, ondoa tiki zote, bakiza SSH (njia ya kuiamrisha laptopu ukiwa kwenye kompyuta nyingine) na zana za kawaida.

HATUA YA 2. Fungua faili la /etc/systemd/logind.conf, kwenye mstari wa HandleLidSwitch ondoa alama ya # na uandike ignore, kisha washa upya. Sasa unaweza kufunga mfuniko bila laptopu kulala.

HATUA YA 3. Unganisha laptopu na ruta kwa waya, usitumie Wi-Fi. Ingia kwenye ruta uipe laptopu anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.50.

HATUA YA 4. DISKI. Hapa naomba usome polepole, maana vilio vingi ninavyoletewa vinatoka hapa.

Chomeka diski kisha andika:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,FSTYPE,UUID

Soma ukubwa na modeli, si jina ambalo mfumo umeipa diski, kama sda au sdb, peke yake. Majina hayo yanaweza kubadilishana ukiwasha upya, na diski iliyokuwa sdb jana leo ikawa sda. Ukiandika amri ya kufomati kwa mazoea, unafuta diski ya picha za familia. Kama diski ina kitu chochote unachokihitaji, kihamishe kwanza. Kufomati hakuulizi mara mbili.

Ukishahakikisha, ifomati kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux:

sudo mkfs.ext4 /dev/sdX1

Hiyo X unaiweka mwenyewe, na sikuandikii herufi kwa makusudi. Baada ya kufomati, rudia lsblk, kwa sababu UUID (namba ya utambulisho wa diski) imeshabadilika na ile ya mwanzo haifanyi kazi tena. Kisha tengeneza folda ya kuipachika diski na uifunge isiandikike:

sudo mkdir /srv/hazina
sudo chattr +i /srv/hazina

Amri hiyo ya pili wengi wanairuka. Kazi yake ni hii: siku diski ikichomoka au isipopanda, /srv/hazina inabaki folda tupu iliyopo kwenye diski ya mfumo. Wewe hujui, unakopi GB 200 za filamu, diski ya mfumo inajaa na seva inagoma. Diski ya nje ikirudi, inafunika yale uliyokopi na unadhani yamepotea. Folda ikiwa imefungwa, kukopi kutakataa palepale na utajua kuna tatizo.

Sasa weka mstari huu kwenye /etc/fstab, faili linaloambia mfumo diski ipachikwe wapi, kwa UUID yako:

UUID=xxxx /srv/hazina ext4 defaults,nofail 0 2

Usisahau nofail. Bila hiyo, siku diski isipoonekana laptopu itakwama kwenye hali ya dharura wakati wa kuwaka, na utalazimika kufungua mfuniko na kuhangaika na kibodi. Malizia kwa sudo systemctl daemon-reload, halafu sudo mount -a, halafu findmnt /srv/hazina. Hiyo ya mwisho isipokuonyesha kitu, diski haijapanda. Usiendelee na hatua ya 5.

HATUA YA 5. Sakinisha Jellyfin, programu ya seva inayopanga filamu na nyimbo zako na kuzipeleka kwenye TV na simu, kwa amri iliyopo kwenye tovuti yao. Ni ya bure na msimbo wake upo wazi. Ilizaliwa mwaka 2018 kutoka Emby, programu ya aina hiyohiyo, baada ya Emby kufunga msimbo wake. Haihitaji ujisajili popote. Kisha ipe ruhusa ya kusoma mafaili:

sudo chown -R jinalako:jellyfin /srv/hazina
sudo chmod -R u=rwX,g=rX /srv/hazina

HATUA YA 6. Kila filamu na folda yake, jina na mwaka kwenye mabano: Jina la Filamu (2009). Bila mwaka, programu itakubandikia kava la filamu ya Marekani yenye jina linalofanana.

Filamu zetu nyingi zilitoka kwa DVD mbili, sehemu ya kwanza na ya pili. Usizitenganishe. Ziweke folda moja, na majina ya mafaili yaishie -part1 na -part2. Zitahesabika filamu moja na zitafuatana zenyewe. Nyingi hazimo kwenye hazina ya mtandaoni, kwa hiyo piga picha kava lake, ihifadhi kwa jina la poster.jpg ndani ya folda hiyohiyo. Fanya hivyo hata kama inachosha. Filamu yenye kava lake halisi itafunguliwa na watu. Isiyo na kava itapitwa tu.

HATUA YA 7. Kwenye TV au simu weka programu ya Jellyfin, andika http://192.168.1.50:8096. TV isiyo na programu hiyo, nunua kisanduku cha Android TV.

HATUA YA 8. Kila mwisho wa mwezi chomeka diski ya pili, nakili kwa rsync (amri ya kunakili mafaili), chomoa, iweke kabatini. Diski mbili zilizochomekwa muda wote si nakala. Radi au umeme mkubwa unazipata zote.

MASWALI

Mnyamwezi_halisi: Mkuu hii inakula bando kiasi gani kwa filamu moja?

Jibu: Aya ya tatu.

Kijana wa Tandale: Nitumie linki ya muvi mpya za action basi

Jibu: Soma aya ya pili.

BahariaTanga: Naweza kutumia flashi ya GB 64 badala ya diski?

Jibu: Kujaribia, ndiyo. Kwa mkusanyiko, hapana. DVD moja ya tabaka mbili peke yake ni GB 8.5.

fundi_simu: Nimefuata hatua zako zote na diski imefutika. Ungetuonya.

Jibu: Pole sana, na nasema kwa dhati. Lakini onyo lipo hatua ya 4, kabla ya amri, pamoja na sababu ya kutoandika herufi ya diski. Usiandike chochote kipya kwenye hiyo diski. Ichomoe, tumia TestDisk, programu ya kuokoa diski, kwenye kompyuta nyingine uone kama inasoma mpangilio wa zamani. Leta ulichoona, tutasaidiana.

Kipepeo: Folda naiona nikitumia jina langu, ila Jellyfin inasema hamna kitu. Diski imejipachika yenyewe kwenye /media.

Jibu: Swali zuri. Mfumo ukipachika diski wenyewe chini ya /media/jinalako, ruhusa anapewa mtumiaji aliyeingia tu. Jellyfin ni mtumiaji mwingine mwenye jina lake, kwa hiyo mlango kwake umefungwa. Ndiyo maana natumia /srv na fstab. Rudi hatua ya 4, kisha zile amri mbili za hatua ya 5.

Mwalimu Mstaafu: Filamu inacheza vizuri, nikiwasha maandishi ya tafsiri inaanza kukwama. Tatizo waya?

Jibu: Si waya, mwalimu. Maandishi yapo ya aina mbili. SRT ni matini tu, TV inayaandika yenyewe. Yale yanayotoka kwenye Blu-ray ni picha, na vifaa vingi vinashindwa kuyaonyesha, hivyo seva inalazimika kuisuka video upya yote huku unaangalia. Tafuta au tengeneza SRT, ipe jina sawasawa na filamu. Tena kwenye mipangilio washa usaidizi wa chipu ya Intel, utaona prosesa inapumua. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde unatosha kabisa kwa Blu-ray ya kawaida, haifiki 60.

Sauti ya Kilindini: Nikisafiri kutoka Mombasa nitaonaje nikiwa njiani?

Jibu: Jaza simu kabla ya kuondoka, programu ya simu ina kitufe cha kupakua. Kwa muziki jaribu Finamp, programu ya simu ya kusikiliza nyimbo za Jellyfin. Usifungue mlango 8096 kwa dunia nzima.

BintiRamadhani: Shikamoo kaka. Nina kaseti za marehemu baba, muziki wa dansi na taarabu, karibu kreti nzima. Nyingine ameandika kwa mkono tu. Naweza kuziingiza humu? Na nizipange vipi, maana bendi moja ina majina matatu?

Jibu: Marahaba dada, na pole kwa msiba. Hiyo kreti ni mali kubwa, anza nayo kabla ya filamu, kwa sababu DVD bado zinapatikana na mkanda unaendelea kuchakaa.

Deki yoyote nzima inafaa. Safisha kichwa chake kwa spiriti na pamba. Toa sauti kwenye tundu la "line out", ingiza kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB yenye "line in". Tundu la maiki la laptopu litakupa sauti iliyopasuka. Rekodi kwa programu ya Audacity, vilele vya sauti visipite desibeli -6, hifadhi FLAC. Kaseti ya dakika 90 isiyobanwa ni kama MB 950, FLAC inaipunguza sana bila kupoteza kitu. Usikimbilie MP3, hiyo utaitoa kwenye FLAC wakati wowote.

Majina: NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo Msondo Ngoma. Kwenye sehemu ya "Artist" andika jina la wakati ule kama lilivyo kwenye kaseti, maana hiyo ni historia. Kwenye "Album Artist" andika Msondo Ngoma kwa zote, zitakaa pamoja. Mlimani Park na Sikinde vivyo hivyo. Mkusanyiko wenye bendi mchanganyiko, "Album Artist" iwe Various Artists, la sivyo albamu moja itapasuka vipande kumi na mbili. Programu ya Picard inasaidia kuandika hivi vitambulisho.

Na piga picha mwandiko wa baba kila kaseti, ihifadhi kama folder.jpg. Ndiyo iwe kava.

BintiRamadhani: Asante sana. Kuna mbili zina ukungu mweupe kwenye mkanda.

Mzee wa Darajani: Usizicheze hizo kwanza binti yangu, zitachafua kichwa cha deki na kuambukiza nyingine. Huku Unguja tunazijua. Zitenge, ziweke na chumvi ya kukaushia kwenye mfuko uliofungwa.

Jibu: Sahihi mzee wangu, shikamoo. Nyongeza: zikishakauka, kabla ya kucheza zipeleke mbele hadi mwisho na kuzirudisha mara moja kwenye deki ambayo hujali ikichafuka, mkanda uachane. Tumia kifuko cha silika kile kinachokuja kwenye maboksi ya viatu. Na kama ganda lake limefungwa kwa skrubu, mkanda unaweza kuhamishiwa ganda jipya. Yale yaliyogundishwa niulize kwanza kabla hujayapasua.