Mti wa Krismasi Ujerumani: kuuchagua na kuupamba na watoto

Ndugu zangu mlioko Ujerumani na hii ndo Krismasi ya kwanza na watoto huku, nawaomba msome hapa kabla hamjaenda kununua mti. Kwetu Moshi ilikua rahisi, tarehe 24 mchana mnakata tawi la msaipresi mnasimika kwenye ndoo ya mchanga, pamba juu, maputo na riboni, kazi imeisha. Huku mti unauzwa na bei mara nyingi inaenda kwa urefu, kwahiyo pima sebule kwanza, na ukumbuke stendi na nyota navyo vinakula nafasi, acha kama sm 30 kutoka darini.

Aina utakazokuta sana ni Nordmanntanne na Fichte. Fichte ni bei nafuu ila majani yake yanachoma, alafu kwenye nyumba yenye hita yanapukutika mapema sana. Nordmann majani laini na yanakaa wiki kadhaa, mwenye mtoto anayetambaa achukue hii tu. Ukifika pale pitisha mkono kwenye tawi kuelekea nje, kisha unyanyue mti ugongeshe shina chini, yakidondoka majani mabichi mengi achana nao, ulikatwa zamani.

Sasa hapa ndo wengi tunakosea, mwaka wangu wa kwanza nilifika nao nikauweka sebuleni palepale karibu na hita na bila maji, kabla hata ya tarehe 25 ulishakauka na mwanangu alilia sana. Uache kwanza balkoni kwenye ndoo ya maji, siku ya kuuingiza kata shina sm 2 au 3 kwa msumeno maana utomvu unaziba pale chini mti unashindwa kunywa, stendi iwe ya kuweka maji na uangalie kila siku, siku za mwanzo unakunywa mno.

Kupamba anza na taa, za LED hazipati moto sana, zipitishe ndani karibu na shina ndo mti unawaka vizuri. Mishumaa ya kweli wenyeji wengine wanaweka, mi kwenye nyumba yenye watoto siwezi. Mipira ya kioo juu, chini weka visivyovunjika. Na jamani wekeni vya kwetu! Mi nakata vipande vya kitenge tunafunga vipepeo, shanga za Kimasai zinazunguka badala ya yale makaratasi ya kung'aa, khanga ya mama yangu inafunika stendi, na pamba lazima, hata kama nje kuna theluji ya ukweli. Watoto wanauliza hii khanga ya nani, hapo ndo unaanza kuwasimulia habari za bibi yao.

Tarehe 24 huku saa kumi jioni giza linaanza kuingia na nyumbani ni saa kumi na mbili, washeni taa mpige video kol kabla bibi hajaenda ibada ya mkesha.