Jinsi ya kuomba skolashipu ya Boren ukasome lugha nje ya Marekani
Kwanza hakikisha we ni raia wa Marekani, bila hiyo usijisumbue kabisa kujaza fomu. Boren ilitokana na sheria ya 1991, inalipia wanachuo wakasome lugha kama Kiarabu, Kirusi na hata Kiswahili chetu, ila Ulaya Magharibi haimo. Sasa insha ndo kila kitu jamani, usiandike eti unapenda kusafiri, eleza hiyo nchi na lugha yake vinagusaje usalama wa Marekani, na usalama hapo ni pamoja na njaa, magonjwa, mazingira, kwahiyo chagua kitu unachokijua kweli. Omba kukaa muda mrefu. Alafu kuna deni lake, ukimaliza masomo unaitumikia serikali kuu angalau mwaka 1.