Kabla hujalegeza nati ya kwanza: nozeli kubwa kwenye pikapu ya dizeli

Msimu wa karafuu ukikaribia, wenye pikapu hapa Pemba huanza kuulizia nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Gari imebeba ndizi na mchanga mwaka mzima, vilima vya Mkoani kuja Chake inavipanda kwa gia ya pili, na mwenyewe anaona umefika wakati wa kuitia nguvu. Wengi wana Hilux za komoni reli (bomba moja, reli, linaloweka dizeli kwa presha kubwa na kulisha nozeli zote), za injini ya 2KD au 1KD, na wamesikia kwamba nozeli kubwa huiamsha gari. Ni kweli, huiamsha. Lakini kazi hii huharibika kabla spana haijashikwa, na kisiwani kuharibika kwake kuna uzito wake: washa moja ya shaba, kile kipete kinachokaa chini ya nozeli, uliyoisahau huenda ikawa iko mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kuifikia mpaka ingoje boti ya Unguja, kisha ya Mkoani. Pikapu yangu iliwahi kulala siku tisa Wete, tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, liko chini, kwa sababu ya washa nne zisizo za saizi yake. Tangu hapo sifungui kitu ambacho sina cha kukifungia.

La kwanza kabisa ni kujua gari imechoka wapi. Mara nyingi anayetaka nozeli kubwa ana nozeli mbovu, au filta iliyoziba, au mpira wa hewa uliopasuka baina ya tabo, ile inayoisukumia injini hewa, na injini. Mwambie fundi aunganishe mashine ya kupimia, injini ikiwa imepata moto na imeachwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, asome marekebisho ya dizeli ya kila silinda. Kwa injini hizi za Toyota namba inatakiwa ibaki baina ya 3 kwenda juu na 3 kwenda chini. Ikivuka hapo, silinda hiyo ina neno. Kisha apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Ikiwa ringi za pistoni zimekwisha, fedha ya nozeli ipeleke kwenye ringi. Dizeli nyingi ndani ya silinda iliyolegea huosha oili ukutani, ikateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na injini ikafa mapema kuliko ambavyo ingekufa ikiachwa vile vile.

Ukubwa nao una hesabu yake. Nozeli hizi huuzwa kwa asilimia: inayopitisha 20 zaidi, 30 zaidi, na kuendelea. Kontroli boksi, kompyuta ya gari, haijui kwamba umebadilisha kitu. Itaendelea kuifungua nozeli kwa muda ule ule wa zamani, na kwa kuwa tundu sasa ni kubwa, dizeli itazidi gari ikikanyagwa. Dizeli ikizidi hewa, unaona moshi mweusi. Na moto ukizidi ndani ya silinda, pistoni hupasuka, jambo ambalo wenye 1KD wanalijua vizuri. Kwa hiyo nozeli kubwa haifungwi bila mtu wa kuirekebisha programu. Mtafute kabla hujanunua, mwambie saizi unayoifikiria, mpange siku. Akiwa yuko Unguja au Dar, nozeli zikae kwenye boksi lake mpaka atakapokuwa njiani. Kwa pikapu ya mizigo mimi sioni haja ya kuvuka 30. Klachi yenyewe iliwekwa kwa nguvu za kiwandani, na ikiwa tayari inateleza kilimani na magunia kumi, uianze hiyo.

Mwenye gari ya zamani, ya 2L, 3L au 5L, hadithi yake ni nyepesi: nozeli zake ni za spring, hazina waya wala programu, na fundi wa pampu huzipima mezani. Yanayofuata hapa mengi hayamhusu, isipokuwa usafi.

Unaponunua, dai karatasi ya vipimo ya kila nozeli, iliyotoka kwenye mashine ya kupimia, na uzilinganishe zote nne. Zikitofautiana sana, zirudishe. Nozeli za kampuni ya Denso za injini hizi zina msimbo wa herufi na tarakimu 30 uliochapishwa kichwani, na msimbo huo lazima uingizwe kwenye kontroli boksi, kila nozeli kwa silinda yake. Upige picha ukiwa mchana na nozeli mkononi, uandike daftarini ipi ya silinda ya kwanza, ipi ya pili. Nozeli iliyotengenezwa upya ikabadilishwa ncha haina haki ya kutumia msimbo wake wa zamani. Muulize muuzaji kama ameipima na kuipa mpya.

Sasa washa. Hapa ndipo injini nyingi za 1KD zilipozikwa. Nozeli hukaa juu ya washa ya shaba inayozuia moto wa silinda. Ikivuja, masizi hupanda juu, huingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, chujio la sampu linaziba, na siku moja taa ya oili inawaka ukiwa katikati ya njia. Kwa hiyo washa za zamani hazirudishwi hata zikionekana nzima. Nunua seti mpya kwa namba ya injini yako, usinunue kwa kukadiria kwa macho kama nilivyofanya mimi. Nozeli ikitoka, ingiza tochi kwenye shimo: mara nyingi washa ya zamani imebaki chini imeshikana na masizi, na fundi mwenye haraka huiwekea mpya juu yake. Kikalio cha washa kisafishwe mpaka king'ae, na uchafu usiachwe uangukie ndani. Pamoja na washa, weka mezani sili za tapeti kava, washa za bomba la kurudishia dizeli, mabomba mapya ya presha, filta mpya ya dizeli, oili na filta yake, na toki renchi, ile spana inayolia ikifika kipimo. Bomba la kurudishia limo ndani ya tapeti kava, kwa hiyo likivuja hutaona tone chini ya gari. Utaona oili imeongezeka kwenye kijiti cha kuipimia.

Upepo wetu wa chumvi unazishika bolti. Wiki moja kabla, kila jioni, zimwagie mafuta ya kulainisha kutu zile za kushikilia nozeli. Bolti ikikatika ndani ya silinda hedi, kichwa cha injini, kazi ya siku moja inageuka kazi ya kung'oa kichwa.

Mahali pa kazi pawe na paa na sakafu iliyofagiwa na kunyunyiziwa maji. Chini ya mwembe, masika hii, hapafai. Osha injini siku moja kabla, iache ikauke, na kila bomba likifunguliwa mdomo wake uzibwe hapo hapo kwa kifuniko safi. Chembe ya mchanga usiyoiona kwa jicho inatosha kuiharibu nozeli mpya.

Na mkono wako. Tairi ya pikapu hujazwa presha ya kama bar 3. Reli hii, injini ikikanyagwa, hupindukia bar 1,300. Usilegeze bomba injini ikiwaka, na ikizimwa subiri presha ishuke. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha kadibodi, usiupapase kwa kidole: dizeli hupenya ngozi, kidonda kinaonekana kama cha sindano, na nyama ya ndani inaoza. Ikitokea, ni hospitali saa ile ile, hata kama hakuumi.

Dizeli ya siku hiyo inunuliwe kituoni. Ile ya dumu lililokaa bandani msimu mzima ina maji. Betri ijazwe chaji usiku, maana ikizimika katikati ya kuingiza misimbo utaanza upya. Dizeli ivutwe kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka pampu iwe ngumu, ndipo ufunguo uzungushwe kwa sekunde chache, upumzike, urudie. Ile dawa ya kupuliza ya kuwashia gari usiiruhusu kabisa karibu na injini yenye plagi za kupashia moto.

Nozeli za zamani zioshe, zipake oili, zifunge kila moja kwa plastiki na namba ya silinda yake, uziweke ndani, mahali pakavu. Wiki mbili za mwanzo pima oili kila asubuhi. Ikipanda kwenye kijiti, hizo za zamani ndizo zitakazoirudisha pikapu barabarani wakati mpya zinavuka bahari kurudi zilikotoka.