Namna ya Kupunguza Moshi wa Magari Unaouvuta Jijini Dar es Salaam

Anayesubiri daladala Buguruni au Mwenge asubuhi huvuta moshi wa dizeli uliochanganyika na vumbi la barabarani na chembechembe zinazotokana na kulika kwa breki na matairi. Zilizo hatari zaidi hazionekani kwa macho, kwani kipenyo chake hakizidi maikromita 2.5, yaani ni ndogo kuliko unene wa unywele kwa zaidi ya mara 20, nazo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kuisafisha hewa ya jiji ni kazi ya mamlaka, lakini kiasi anachovuta mtu kila siku hutegemea pia mahali anaposimama na njia anayopita.

Anza na umbali, kwa sababu hakuna kinga inayoushinda na hauna gharama. Moshi huwa mzito kabisa pembeni mwa barabara, kisha hupungua haraka kadiri unavyosogea, na ukifika mita 200 au 300 sehemu kubwa huwa imekwisha kutawanyika. Kwa hiyo, anayetembea kwa miguu kutoka Manzese kwenda Magomeni apite mitaa ya ndani badala ya kuambaa na Barabara ya Morogoro, hata kama njia itakuwa ndefu kidogo. Kituoni, rudi nyuma hatua kadhaa na usogee pale tu gari lako linapoingia (ninajua konda hamsubiri mtu, lakini hatua tano hazimfanyi mtu aachwe). Mtoto asisimamishwe nyuma ya gari linalounguruma, maana pua yake iko karibu na usawa wa bomba la moshi.

Upepo nao unahitaji kusomwa. Kwenye barabara iliyo wazi, kama Mandela, kaa upande ambao upepo unatokea, ili moshi upelekwe ng'ambo. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo mambo hugeuka: upepo unaopita juu ya mapaa na kuukata mtaa hujipinda, hushuka kwenye ukuta wa upande wa pili, kisha hurudi chini kinyume na ulivyokuja, ukiusukuma moshi wote kwenye njia ya miguu ya upande mmoja. Anayetazama bendera iliyo juu ya ghorofa atachagua upande mbaya. Tazama badala yake mfuko mwepesi unaoburutwa chini, au moshi wa jiko la muuza mahindi, kisha usimame kule unakotokea upepo huo wa chini.

Kuhusu muda, asubuhi hewa huwa imetulia na moshi hubaki chini, ilhali mchana jua na upepo wa baharini huutawanya. Wanaokimbia mazoezi wamalize kabla foleni haijaanza, au wakimbilie ufukweni, kwa kuwa anayekimbia huvuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyeketi.

Ukiwa ndani ya gari lako kwenye foleni, funga vioo na ubonyeze kitufe chenye picha ya mshale unaozunguka ndani ya gari, ili kiyoyozi kisivute moshi wa lori lililo mbele. Foleni ikifunguka, ruhusu hewa mpya iingie, kwani pumzi za abiria zikirundikana huleta usingizi. Abiria wa bodaboda amwombe dereva asijibanze nyuma ya lori kwenye mataa. Mwenye gari la dizeli linalotoa moshi mweusi ampe fundi kazi ya kukagua chujio la hewa na nozeli. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, lakini mafuta safi hayawezi kuiponya injini iliyochoka.

Nyumba au duka lililo kando ya barabara lifungiwe madirisha ya mbele saa za foleni na kufunguliwa ya nyuma, na watoto walale chumba cha nyuma. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kibarazani pamwagiwe maji kabla ya kufagia. Ua wa michongoma uliosongamana kuanzia chini husaidia kiasi. Mti mmoja wenye shina tupu hausaidii.

Barakoa nimeiweka mwisho kwa makusudi. Ya kitambaa huzuia vumbi kubwa tu. Ya aina ya N95 huchuja chembechembe ndogo, mradi ibane uso pande zote, jambo ambalo ndevu hulizuia, wala haizuii gesi. Inawafaa zaidi wasioweza kuondoka barabarani, kama askari wa usalama barabarani na machinga. Mwenye pumu asitembee bila dawa yake ya kuvuta, na kifua kikianza kubana aondoke kwanza barabarani ndipo aitumie.