Kupiga Hema Pwani ya Mtwara: Hesabu Mwezi Kwanza

Watu wengi wanaopanga kwenda kupiga kambi ufukweni huanza kwa kuulizia mahali, kisha nauli, kisha chakula, na suala la tarehe huliachia ratiba ya likizo. Kwa pwani ya Mtwara na Lindi utaratibu huo una kasoro, kwa sababu huku mwezi ndio unaoamua maji yafike wapi, wavuvi watoke saa ngapi na wewe ule nini jioni. Kabla ya kununua hata kamba ya hema, tafuta kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo, au mwulize mvuvi yeyote, maana yeye anazo kichwani.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, karibu na tarehe 8 na tarehe 23 za mwezi mwandamo, huwa ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Jambo ambalo mgeni hujua akiwa amechelewa ni kwamba katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri, yaani pale usingizi unapokuwa umenoga.

Mimi nilijifunza hayo kwa gharama ya magodoro mawili na mfuko wa unga. Tulifika wakati wa maji mafu, tukaona mstari wa mwani na vijiti ulioachwa na maji ya asubuhi, tukapiga hema hatua kumi juu yake na kujiona waangalifu. Kila siku mstari ule ukasogea kidogo, nasi tukawa tunausifu ufuo kwa kuwa umetuletea maji karibu, hata usiku wa tano maji yakaingia ndani ya hema bila kishindo chochote. Tangu hapo sipimi kwa mstari mbichi. Panda ufuo mpaka uone mstari wa zamani, wenye mwani uliokauka ukawa kama karatasi, kisha endelea hadi mahali ambapo mimea inayotambaa imeshika mchanga na mizizi yake haijafukuliwa. Hapo ndipo bahari yenyewe imekubali kuwa si kwake.

Pamoja na mkasa huo, bado napendekeza kufika wakati wa maji mafu ya mwisho wa mwezi, karibu na tarehe 24, na kukaa mpaka mwezi uandame. Siku za mwanzo maji huwa matulivu na watoto huogelea bila hofu. Kadiri siku zinavyosonga usiku huwa wa giza, na giza ndilo linalowatoa wavuvi wa dagaa, ambao huvua kwa taa na hupumzika mbalamwezi inapotawala. Kufikia mwisho wa safari bamvua inakuwa imeingia, maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi, na mwamba unabaki wazi kwa kutembelewa. Anayefuata mbalamwezi kwa ajili ya uzuri wake asishangae kukosa dagaa.

Kuhusu majira, kusini kuna msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Mwezi wa Aprili usiuamini: mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji mwezi huo, na wakazi wa Mtwara waliwekwa katika tahadhari. Kuanzia Juni hadi Agosti kunakuwa kukavu lakini kusi huvuma kwa nguvu na kurusha mchanga ndani ya kila sufuria. Septemba na Oktoba, wakati wa tanga mbili, pepo hulegea na bahari hutulia. Kwa mwenye uhuru wa kuchagua, hiyo ndiyo miezi yenyewe. Hata hivyo, sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka na kabla ya kupanda chombo chochote.

Mahali sasa. Ufuo wa Shangani mjini Mtwara unafaa kwa kuogelea na kula, si kwa kulala. Mikindani, kilomita 10 hivi kutoka mjini, ni mji mkongwe unaostahili kutembelewa mchana, lakini ghuba yake ina matope na mikoko, na mbu wake hawana adabu. Wenye kwenda Lindi huvuka ghuba hadi Kitunda kwa chombo na kupata utulivu wa aina yake. Chaguo langu ni Msimbati, kusini mashariki mwa Mtwara mjini, penye mchanga mweupe mrefu na mivinje ya kivuli. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, hivyo lipa kiingilio na utunze risiti. Barabara ya mwisho ina mchanga mwingi, na gari dogo lililopakiwa kupita kiasi huishia kusukumwa.

Ukifika, usifungue mizigo kabla ya kwenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na wageni waliojificha vichakani bila kujitambulisha huzua maswali ya haki kabisa. Toa shikamoo, taja mlikotoka, idadi yenu na siku mtakazokaa, kisha omba uonyeshwe mahali pa kulala. Mara nyingi utapewa pia kijana wa kulinda usiku. Mlipe kwa makubaliano yaliyo wazi. Vaa kwa heshima unapopita kijijini, na mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana.

Katika kusimamisha hema, epuka minazi, kwa kuwa nazi haibishi hodi. Chagua mivinje, na elekeza mgongo wa hema kusini mashariki unakotoka upepo wa kusi. Vigingi vya chuma vinavyouzwa pamoja na hema havishiki mchangani. Chukua viroba vinne au sita, au magunia ya korosho yaliyochakaa, kijaze kila kimoja mchanga hadi nusu, kifunge kamba katikati, kichimbie shimo la kina cha goti, ukizike na kukanyaga mpaka pagumu. Kamba itoke ardhini kwa mshazari kuelekea hemani. Nimeona hema lililofungwa hivyo likistahimili kusi usiku kucha, huku la jirani lililofungwa kwa vigingi likiokotwa kwenye mikoko asubuhi.

Maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingi yana chumvichumvi, kwa hiyo hesabu lita 5 za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku: watu wanne watamaliza dumu la lita 20. Choo kichimbwe nyuma ya kambi, si chini ya mita 30 kutoka kisimani. Chandarua hakina mbadala. Pikia jiko la mkaa au mtungi mdogo wa gesi, na usikate mikoko kwa ajili ya kuni, jambo ambalo ni kosa kisheria.

Samaki nunua pale vyombo vinapotua. Simama pembeni kwanza usikilize mnada, maana dalali anataja bei kwa kasi na mgeni anayeinua mkono kumsalimia rafiki anaweza kujikuta na fungu zima la vibua. Funua mashavu ya samaki: yawe mekundu. Macho yawe angavu na yaliyojaa, na nyama ukiibonyeza irudi. Samaki mwenye nyama iliyolegea, uti uliovunjika na damu machoni ilhali ametoka baharini sasa hivi, huenda ameuawa kwa baruti, mwache. Changu hufaa kuchomwa, nguru hufaa kupaka nazi, na ukikuta kina mama wanauza ming'oko, yaani mizizi ya porini, iliyochemshwa, nunua pamoja na chumvi na pilipili yake.

Siku ya kwenda mwambani, vaa viatu vyenye soli nene, kwani kuna wanyama wenye miiba na kuna samaki waitwao taa wanaojifukia mchangani. Buruta miguu badala ya kuinua hatua. Aliyechomwa na mwiba wa samaki aloweke mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha apelekwe zahanati. Fuatana na kina mama wanaowinda pweza, na wanapogeuka kurudi nawe geuka, hata kama kwako bahari inaonekana ingali mbali. Maji ya bamvua hurudi kwa kupita mikondo iliyo nyuma yako. Usiku zima taa zinazomulika ufuo, kwa sababu kasa hupanda Msimbati kutaga mayai na mwanga huwageuza njia.

Siku ya kuondoka fukua viroba, mwaga mchanga na uondoke navyo, fukia choo, na takataka zirudi mjini nanyi. Mkifika nyumbani, suuzeni hema kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa zipu, na mlianike kivulini mpaka likauke kabisa kabla ya kulikunja.