Somo: Rangi ya Gram hatua kwa hatua, na pale slaidi nyingi zinapoharibikia

Hili ni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi, utabibu na maabara. Nimelianza somo la mikrobiolojia na rangi ya Gram kwa makusudi. Hii ni njia ya kupaka bakteria rangi ili kuwagawa makundi mawili kwa aina ya ukuta wao: Gram chanya hubaki zambarau, Gram hasi huwa wekundu. Ukiielewa hii, mengi unayokaririshwa darasani kuhusu bakteria yatajipanga yenyewe. Utaelewa pia kwa nini daktari wa zamu anapiga simu maabara usiku wa manane kuulizia slaidi: kuotesha sampuli kunachukua saa 24 hadi 48, wakati slaidi inasomeka ndani ya nusu saa.

Njia hii ilichapishwa mwaka 1884 na Hans Christian Gram, Mdenmaki aliyekuwa akifanya kazi Berlin na Carl Friedländer. Walikuwa wanatafuta bakteria kwenye mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Safranini, rangi nyekundu tunayomalizia nayo leo, iliongezwa na wengine baadaye.

Kabla hujagusa chupa ya rangi, iangalie sampuli. Hapa nasema na wauguzi, maana ninyi ndio mnaoichukua. Mate si makohozi. Mkojo ukichelewa zaidi ya saa mbili, uweke kwenye friji. Maji ya uti wa mgongo usithubutu kuyaweka kwenye friji, kwa sababu baadhi ya bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo hufa kwenye baridi, halafu maabara ikiotesha huenda isiote kitu. Yapeleke mkononi, mara moja.

Hatua ya 1: Mpako. Chukua slaidi safi isiyo na alama za vidole. Andika namba ya mgonjwa kwa penseli, maana wino utafutwa na alkoholi huko mbele. Swabu ya usaha iviringishe taratibu juu ya slaidi. Ukiisugua utapasua chembe nyeupe za damu, na hizo utazihitaji. Kama unachukua kutoka kwenye koloni iliyoota (rundo la bakteria), weka tone dogo la salaini (maji ya chumvi) kwanza, kisha gusa koloni kidogo tu kwa lupu (kijiwaya chenye kitanzi). Wanafunzi hupenda kuchota nyingi wakidhani ndiyo wataona vizuri. Mpako mnene hautoi rangi sawasawa, na majibu yake hayaaminiki.

Hatua ya 2: Kukausha mpako na kuushikiza kwenye slaidi kwa moto. Acha ukauke wenyewe hewani, kisha pitisha slaidi mara tatu juu ya moto wa taa ya spiriti, upande wa mpako ukiwa juu. Iguse kwa mgongo wa mkono: iwe na joto, isikuunguze. Usivue glavu kwa kudhani moto umeshaua kila kitu.

Hatua ya 3: Kristali vayoleti, dakika 1. Suuza kwa maji yanayotiririka polepole. Sasa bakteria wote ni zambarau.

Hatua ya 4: Iodini ya Lugol, dakika 1, kisha suuza. Iodini inashikana na kristali vayoleti ndani ya bakteria na kutengeneza mchanganyiko mzito ambao hautoki kirahisi. Bado wote ni zambarau.

Hatua ya 5: Kuondoa rangi. Slaidi nyingi zinafia hapa, kwa hiyo soma mara mbili. Inamisha slaidi, dondosha kiondoa rangi tone kwa tone, na mara tu yale yanayochuruzika yanapokuwa hayana zambarau, simama na suuza kwa maji papo hapo. Ni muda gani? Inategemea chupa. Asetoni peke yake inataka sekunde 2 au 3 tu. Alkoholi ya asilimia 95 inakwenda taratibu zaidi, inaweza kufika sekunde 15 au 20. Kwa hiyo soma lebo kabla ya kuhesabu. Muda uliozoea kwenye maabara ya chuo unaweza kuharibu kila slaidi kwenye hospitali ya mafunzo kwa vitendo.

Kinachotokea ni hiki. Bakteria wa Gram chanya wana ukuta mnene wa peptidoglaikani (wavu wa sukari na protini fupi). Alkoholi inaukausha, ukuta unajibana, na ule mchanganyiko wa rangi na iodini unabaki umefungiwa ndani. Wa Gram hasi wana peptidoglaikani nyembamba, na nje yake kuna utando wa mafuta. Alkoholi inauyeyusha ule utando na rangi inatoka yote. Ukizidisha muda, hata ukuta mnene utaachia rangi yake, na Staphylococcus, ambaye ni Gram chanya, atatoka mwekundu. Ukipunguza, E. coli, ambaye ni Gram hasi, atabaki zambarau.

Sasa utajuaje kama umepatia? Tazama chembe nyeupe za usaha. Viini vyake vinapaswa kuwa vyekundu au waridi. Vikiwa vya zambarau, hukuondoa rangi ya kutosha, na lolote utakalosema kuhusu bakteria wa slaidi hiyo ni kubahatisha. Njia nyingine ni kupaka slaidi ya udhibiti yenye Staphylococcus aureus upande mmoja na E. coli upande mwingine, ukaipitisha pamoja na slaidi ya mgonjwa.

Hatua ya 6: Safranini, dakika 1. Suuza, simamisha slaidi ikauke. Usiifute kwa tishu.

Hatua ya 7: Kusoma. Anza na lenzi ya 10, usikimbilie mafuta. Kwa makohozi, chembe nyeupe zaidi ya 25 na seli bapa za mdomoni chini ya 10 kwa kila eneo unaloona ni dalili ya sampuli nzuri. Seli bapa zikijaa, omba makohozi mengine. Ndipo weka tone la mafuta na uende kwenye lenzi ya 100. Andika rangi, umbo, mpangilio, wingi, na kama wako ndani ya chembe nyeupe au nje. Mfano: "koki Gram chanya, wamejikusanya mafungu, wengi" (koki ni bakteria wa mviringo). Usiandike "Staphylococcus aureus", kwa sababu slaidi haijakuambia hivyo. Imekuambia aina ya ukuta na umbo tu. Jina litatoka kwenye kuotesha na vipimo vingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko wodini kwa mafunzo. Majibu ya usaha yamekuja "basili Gram hasi, wengi", ndugu wa mgonjwa wakaambiwa kipimo ni hasi, mgonjwa hana kitu. Ni sahihi?

Jibu: Marahaba. Si sahihi, na mrudi mkawaeleze leo hii. Basili ni bakteria wenye umbo la fimbo. Hapo "hasi" inaeleza ukuta wa bakteria, na neno "wengi" linaonyesha kuwa wapo tena kwa wingi. Kama hakuna kitu, maabara huandika "hakuna bakteria walioonekana". Tena hata hiyo haimaanishi mgonjwa ni mzima: ili uwaone kirahisi kwa Gram, wanahitaji kuwa kama 100,000 kwenye mililita moja.

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Hivi kwa nini makohozi ya TB hatuyapaki Gram?

Jibu: Mkuu, ukuta wa bakteria wa TB umejaa mafuta mazito, rangi ya Gram haipenyi vizuri. Ndiyo maana kuna Ziehl-Neelsen, ambapo rangi inapashwa moto ili ipenye, kisha inajaribiwa kutolewa kwa asidi na ikakataa. Siku hizi vituo vingi vinaanza na GeneXpert (mashine inayotafuta vinasaba vya TB), lakini Ziehl-Neelsen utaulizwa kwenye mtihani.

Swali: Mgonjwa alishameza amoksilini ya duka la dawa kabla hajaja. Kuna haja ya kufanya Gram?

Jibu: Ipo, tena kubwa. Bakteria waliokufa hawaoti, lakini kwenye slaidi bado wanaweza kuonekana. Tahadhari ni moja: dawa za kundi la penisilini, amoksilini ikiwemo, zinashambulia ukuta wenyewe, kwa hiyo Gram chanya anaweza kushika rangi nyekundu au kuwa na umbo la ajabu. Mwandike kwenye fomu ya maabara kwamba ametumia dawa. Hali kama hiyo hutokea pia kwa koloni iliyokaa siku nyingi. Tumia iliyoota ndani ya saa 24.

Swali: Naomba kujua kuhusu kisonono, kwa mwanamke na mwanaume ni sawa?

Jibu: Hapana, dada. Kwa mwanaume mwenye usaha, ukiona koki Gram hasi wawili wawili ndani ya chembe nyeupe, hilo ni jibu la kuaminika sana. Kwa mwanamke, swabu ya mlango wa kizazi hukosa takribani nusu ya wenye ugonjwa, na kuna bakteria wengine wanaofanana nao. Slaidi yake ikiwa safi, usimwambie hana kisonono. Mshughulikie kwa dalili zake na kwa vipimo vingine vilivyopo.

Swali: Slaidi zangu zina vidoti vya zambarau iliyokolea kila mahali, nikidhani ni koki. Tatizo nini?

Jibu: Hizo ni chembechembe za kristali vayoleti iliyoganda kwenye chupa. Cheza na skrubu ndogo ya kulenga: ukubwa wake haulingani na zinang'aa kwa namna ambayo bakteria hawang'ai. Chuja rangi kwa karatasi ya kuchujia kabla ya kuitumia, na usiiache ikaukie juu ya slaidi. Kisha rudia mpako mwingine kutoka sampuli ileile kabla hujaandika majibu.